Majivu Jikoni kwa Bwanakai

Elyse hakuwa mtu wa kuchafukwa roho ovyo. Alikuwa amefanya kazi ya usafi katika zahanati ya kambi ya Kakuma kwa miaka sita, na mikono yake ilikuwa imeshika kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa. Wakati wa kipindupindu yeye na mwenzake Nabei, mama wa Kiturkana kutoka Lodwar, walikuwa wakimaliza kudeki wodi, wananawa, kisha wanakaa kwenye kivuli cha tangi la maji na kula githeri, mahindi na maharage, kama vile wametoka shambani. Nabei alizoea kusema kwamba tumbo la mwenzake limeshonwa kwa ngozi ya ngamia. Kwa hiyo Jumapili ile Elyse alipotoka mbio ndani ya banda la video, akainama nyuma ya uzio wa miba na kutapika chai yote ya asubuhi, waliomwona walidhani ni malaria.

Haikuwa malaria. Ilikuwa tamthilia.

Iliitwa Jumba la Bwanakai, na mambo yake yalitokea Malindi. Tajiri mmoja, Mzee Bwanakai, mwenye hoteli tatu na jumba jeupe linalotazama bahari, anakutwa amekufa chumbani mwake, na kila mtu wa nyumba ile ana sababu ya kumtaka afe: mke wake, mdogo wake, watoto wa mke wa kwanza. Mwenye banda alikuwa akiionyesha kila Jumapili mchana, baada ya ibada, na wiki nzima iliyofuata watu walibishana kuhusu muuaji. Walibishana kwenye foleni ya maji, walibishana kwenye mazoezi ya kwaya, na wodini Elyse aliwahi kumkuta mgonjwa mwenye dripu mkononi akimtetea mke wa Bwanakai kwa nguvu zake zote. Christelle, binti yake wa miaka kumi na saba, alijua jina la kila mwigizaji. Na kiti cha mbele kabisa kilikuwa cha Barnabé.

Barnabé alikuwa mdogo wa Wilondja, marehemu mume wa Elyse. Wote walitoka Fizi, upande wa Kongo, na njia nzima ya kukimbia vita Barnabé alikuwa amembeba Christelle mabegani. Pale Kakuma alikuwa mtu wa kuheshimika, kiongozi wa kwaya, msuluhishi wa ugomvi wa bloku. Christelle alimwita baba mdogo, lakini ukimsikia anavyolitamka ungejua kwamba neno mdogo lilikuwa la adabu tu. Hakuwa na baba mwingine.

Jumapili ya kutapika, sehemu ya nne, walionyesha jinsi Mzee Bwanakai alivyokufa. Hukuona uso wa muuaji, uliona mikono tu. Mikono ilikoroga kitu ndani ya kikombe cha uji. Mzee akanywa, akaanza kutapika juu ya marumaru, na paka mweupe wa nyumba akaja akaramba yale matapishi, akaenda kufia mlangoni. Banda zima liliguna. Kisha mikono ikaonekana jikoni, ikaosha kikombe. Ikachota majivu, ikasugua, ikasuuza. Ikachota tena, mara ya pili, mara ya tatu.

Elyse alilitazama lile jiko. Lilikuwa na jiko la gesi lenye vichomeo sita. Lilikuwa na mabomba yanayong'aa na friji refu kama mlango. Hapakuwa na kuni wala mkaa mahali popote. Sasa majivu yametoka wapi?

Alijua yalikotoka. Yalitoka jikoni kwake.

Miaka kumi na moja iliyopita, kule Fizi, Wilondja alikunywa uji aliopikiwa na mdogo wake, akatapika mpaka akaishiwa na nguvu za kutapika, akafa kabla jua halijapanda. Elyse ndiye aliyezoa yale matapishi kwa majani ya mgomba. Mbwa wao aliyaramba kabla hajamfukuza, na mbwa naye akafa, amelala kizingitini na ulimi nje. Alipokwenda jikoni kutafuta maji alimwona Barnabé amechuchumaa, anasugua kikombe kwa majivu. Mara tatu. Barnabé hakujua kwamba kuna mtu nyuma yake. Baba yao alikuwa amemwachia Wilondja shamba la michikichi, na Barnabé hakuachiwa chochote.

Kabla Elyse hajajua amwambie nani, vita vilifika na wote wakakimbia. Mwanamke peke yake na mtoto wa miaka sita katika barabara ile asingefika mbali. Barnabé alimbeba mtoto. Barnabé alizungumza na wenye bunduki kwenye vizuizi. Walipofika Kakuma, Barnabé aliandikishwa kama mkubwa wa familia, na Elyse alipika na kula naye miaka nenda miaka rudi, kila tonge akilisukuma kwa maji.

Mara moja tu alisema. Miaka minne nyuma aliitwa kwenye mahojiano, akaomba faili lake litenganishwe na la shemeji yake, akaulizwa kwa nini. Chumba kilikuwa kimefungwa. Walikuwa watatu: yeye, ofisa mgeni, na mkalimani, kijana wa Kikongo mwenye miwani aliyeitwa Magloire. Magloire alimwambia kwa sauti ya upole kwamba hakuna neno litakalotoka nje ya kuta zile. Elyse akaongea saa mbili. Aliyasema ya mbwa, ya majani ya mgomba, ya majivu. Kijana alipokuwa akitafsiri machozi yalimtoka, na Elyse akamshukuru Mungu kwa kumpa mkalimani mwenye moyo. Faili likatenganishwa. Christelle hakuambiwa kitu.

Jioni ya ile Jumapili alimuuliza binti yake, kama mtu anayeuliza tu, ni nani huandika vitu kama vile.

"Ni mtu wetu, mama," Christelle akasema, na uso ukamng'aa. "Magloire, alikuwa mkalimani hapahapa. Sasa yuko Lodwar, anafundisha vijana kuandika filamu."

Elyse alisema hongera zake, akaenda kuosha sufuria ambazo tayari zilikuwa zimeoshwa.

Barnabé naye alikuwa ameyaona majivu. Elyse, kabla ya kutoka mbio, alikuwa ameliona taya lake likisimama katikati ya kutafuna njugu. Jumapili mbili zilizofuata hakuonekana bandani. Alisema mgongo unamsumbua. Siku moja alimkuta Elyse bombani, akamuuliza kama anaifuatilia ile tamthilia. Elyse akasema hapana, kazi ni nyingi.

"Vizuri," Barnabé alisema. "Ni uchafu ule." Akatabasamu, akamsaidia kujitwika ndoo, na vidole vyake vilivyogusa mkono wa Elyse vilikuwa na baridi ya kitu kilichotolewa majini.

Elyse aliomba kibali cha kusafiri, akasema anakwenda kuona daktari wa macho. Nabei alikuwa akirudi kwao Lodwar kwa siku mbili, wakaenda pamoja. Hakumweleza mengi, alimwambia kuna mtu amechukua kitu chake. Nabei hakuchimba. Asubuhi alimpeleka mpaka kwenye hoteli iliyo karibu na mto Turkwel ambako mafunzo yalikuwa yakifanyika, akaongea Kiturkana na mlinzi, salamu za ejok huku, ejok kule, mlango ukafunguliwa, naye akabaki nje chini ya mkoma.

Magloire alikuwa uani, amekaa peke yake mbele ya sinia la mbuzi wa kuchoma. Alinenepa kidogo. Alipomwona aliinuka na kumkumbatia, akamwita Mama Christelle, akaagiza kiti, akaagiza soda. Elyse akaelewa kwamba kijana alidhani amekuja kumpongeza.

Alimwambia alichokuja nacho bila kupandisha sauti. Kwamba alimwamini. Kwamba alimwambia mambo yale akiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Magloire alisikiliza akitikisa kichwa, akawa kama mtu anayesikiliza malalamiko ya mteja mwema. Akamweleza kwamba mwandishi hawezi kuchagua kinachomkaa kichwani. Akasema hakulala wiki nzima baada ya mahojiano yale, na kwamba kuandika kulimponya.

"Na nilibadilisha kila kitu," alisema. "Mbwa nikamfanya paka. Nchi, nyumba, dini, majina. Hakuna atakayejua kwamba ni wewe."

"Majivu hukuyabadilisha."

Magloire akatabasamu, tena tabasamu la kweli, la mtu anayekumbuka kitu akipendacho. "Majivu yalikuwa mazuri mno, mama. Mwongozaji alitaka kuyatoa, nikakataa."

Elyse aliisogeza soda pembeni. Akamuuliza mwisho wa tamthilia muuaji atakuwa nani. Kijana alisitasita, akasema hairuhusiwi kusema, kisha akasema. Muuaji atakuwa mke. Watazamaji wote walikuwa wameshamdhania mdogo wa marehemu, na ukiwapa watu kile wanachokijua wanazima televisheni.

"Matapishi ya mume wangu niliyazoa mimi," Elyse akamwambia. "Kwa mikono hii. Wewe umeyachukua ukayatia viungo, ukawapakulia watu wale Jumapili wakitoka kanisani."

Magloire aliacha kula. Alikaa wima, macho yakamtoka, na kwa kitambo kidogo Elyse aliamini kwamba sasa limemwingia. Kisha mkono wake ukateleza mezani ukachukua simu.

"Rudia hiyo, mama," alisema taratibu. "Hiyo ya kupakulia."

Alikuwa anaandika. Kidole gumba chake kilikuwa na mafuta ya mbuzi na kilipita juu ya kioo kikiacha utando, na chini ya ule utando maneno ya Elyse yalikuwa yakijitokeza moja baada ya jingine. Elyse aliwahi kutoa funza kwenye kidonda cha mzee aliyeokotwa njia ya Lokiriama. Aliwahi kushika vitu ambavyo hata Nabei aligeuza uso. Lakini hakuwahi kuona kitu kilichomtia kinyaa kama kile kidole. Hakurudia. Aliinuka, akaenda kwenye bomba la kunawia wateja, akaosha mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, kisha shingo, pale kijana alipomkumbatia. Magloire alimfuata akimwambia kwamba wanaweza kuliweka jina lake mwishoni, kwenye shukrani. Elyse alikung'uta maji mikononi, akatoka.

Nabei alimuuliza kama amekipata kitu chake.

"Nimekuta kimeliwa," Elyse alisema.

Sehemu ya mwisho ilipofika, Barnabé alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Kipande cha kuitangaza kilikuwa kimeshazunguka kwenye simu za vijana, na kilimwonyesha mke wa Bwanakai akiwa na pingu. Mgongo wa Barnabé ukapona siku hiyohiyo. Alikuja bandani na kreti mbili za soda za watu wote, akazigawa mwenyewe, akicheka na kila mtu. Elyse aliingia kwa sababu Christelle alimvuta mkono, akakaa karibu na mlango.

Mke alikiri. Alikiri kwa machozi mengi, bahari ikipiga nyuma yake, na banda likalipuka kwa vifijo. Barnabé aligeuka na chupa yake mkononi.

"Si niliwaambia?" alisema. "Mtu mnayelala naye kitanda kimoja ndiye anayejua unakunywa uji saa ngapi."

Watu wakacheka. Christelle akacheka. Na Barnabé akaupeleka mkono wake, mkono uleule, akauweka juu ya kichwa cha Christelle, akampapasa nywele.

Hapo Elyse alisimama. Alisema wazi, kwa sauti ambayo wodini ilitosha kufika kitanda cha mwisho, kwamba Wilondja alikufa kwa uji wa Barnabé. Alisema ya mbwa. Alisema ya kikombe na majivu, mara tatu, na kwamba yeye alikuwa amesimama nyuma yake. Alipomaliza, mama mmoja aliyekaa benchi la pili akasema polepole, kwa kumhurumia, "Lakini mama, hiyo ni sehemu ya nne."

Kuna aliyecheka, akajizuia. Barnabé aliweka chupa chini, na uso wake ulikuwa umejaa upole.

"Shemeji amechoka," aliwaambia watu. "Zahanati inamla. Ameona filamu, akaichanganya na msiba wake. Nani hapa hajawahi kuota vita akaamka akipiga kelele?"

Wakamtoa nje kwa heshima. Mmoja akampa maji, mwingine akampepea kwa kitambaa, mchungaji akamshika kichwa akamwombea utulivu. Elyse alikaa juu ya jiwe na kuwaacha. Ukweli wake ulikuwa umepita kwenye mdomo wa mtu mwingine, ukatafunwa, na sasa ulipotoka mdomoni mwake kila mtu aliona ni makombo. Alihisi kichefuchefu kilekile cha nyuma ya uzio, lakini safari hii tumbo halikuwa na kitu cha kutoa.

Christelle hakusema naye siku mbili. Alikwenda shule, akarudi, akala amempa mgongo. Siku ya tatu, Elyse akipembua maharage, alikuja akasimama mbele yake.

"Kama ni kweli, kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyekubeba."

Msichana alifikiri. Akasema kila kitu ambacho mama yake amekisema kimo katika filamu, hata mnyama kufia mlangoni, hata kikombe, na yeye hajui aamini nini. Akamwomba amwambie kitu kimoja ambacho hakimo.

Elyse aliacha maharage. Kilikuwapo kitu kimoja. Hakumwambia mkalimani, hakumwambia ofisa, hakukisema hata katika maombi ya peke yake. Kitu hicho alikuwa amekificha miaka kumi na moja, na angezikwa nacho.

"Baba yako hakutaka uji ule," alisema. "Alikuwa ameshiba. Barnabé alipomletea aliukataa. Akaunywa baadaye kwa sababu uliletwa na mtu ambaye hakuweza kumkatalia."

Hakuendelea. Hakuhitaji. Aliona rangi ikimtoka Christelle usoni kama maji yanavyonywea mchangani katika laga, mto mkavu.

"Kikombe kilikuwa cha moto," Christelle akasema. "Nilikishika kwa mikono miwili. Alinipa kipande cha muwa kwanza." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, ya mtoto. "Aliniambia nisionje. Mama, aliniambia ni uji wa wakubwa, nisionje."

Kisha akainama palepale, na Elyse akamshika paji la uso kama alivyowashika mamia ya watu, na hakumwambia basi, wala hakumwambia nyamaza. Alimwacha atapike mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata walikwenda polisi pamoja. Christelle aliandika maelezo yote kwa Kiingereza na kuyasoma mwenyewe, hawakutaka mkalimani. Ofisa aliyapokea, akapiga muhuri, akasema ukweli kwamba jambo limetokea nchi nyingine, zamani, na hakuna mwili wala kikombe. Litachukua muda, na huenda lisifike popote. Walipeleka barua nyingine kuhusu Magloire kwa waliomwajiri kama mkalimani. Baada ya mwezi walisikia kwamba mafunzo ya Lodwar yamefungwa na kijana amerudi Nairobi. Walisikia pia kwamba anaandika msimu wa pili. Nabei, alipoambiwa, alitema mate pembeni, akafukia kwa mguu, akaendelea na kudeki.

Mambo ya Barnabé yaliishia kanisani. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, mchungaji akawaambia watu wapeane mkono wa amani, na Barnabé, aliyekuwa akipita safu kwa safu kama kawaida yake, akafika kwao. Alimnyooshea Elyse mkono kwanza. Elyse aliutazama, akaona kucha zilizokatwa vizuri, akarudisha macho kwenye kitabu cha nyimbo. Watu waliokaa karibu waliguna kidogo. Waliona bado hajapona. Barnabé akaupeleka mkono kwa Christelle.

"Uliniambia nisionje," Christelle alisema.

Hakuisema kwa nguvu. Lakini yule mama wa benchi la pili la bandani alikuwa nyuma yao, na mchungaji hakuwa mbali, na wote walikuwa wameitazama tamthilia tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosa Jumapili hata moja. Hakuna sehemu yoyote ambamo mtu alimwambia mtoto asionje. Ule upole ulimjia Barnabé usoni, ukafika nusu, ukakwama. Mkono wake ulibaki hewani muda mrefu kuliko inavyopasa, kisha akaushusha na kuufuta kwenye suruali, kama vile yeye ndiye aliyeguswa na kitu kichafu.

Hakuna aliyemshika wala kumfukuza. Ila tangu siku ile watu waliacha kumpelekea ugomvi wao awasuluhishe, kwaya ikachagua mtu mwingine, na sahani za harusi na misiba hazikupitia tena mikononi mwake. Kabla ya mvua alihamia Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ya jirani, mwisho kabisa, na wanaotoka huko wanasema anapika na kula peke yake.